Sura ya 4: Anza na Paa

Swali hili hunifikia kwa maneno tofauti, lakini kiini chake ni kimoja: "Nimeona motohomu ya mwaka 1999. Imetembea maili 38,000 tu. Bei yake ni sawa na Corolla iliyotumika. Ninunue?"

Anayeuliza mara nyingi ni mtu aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa, akanunua gari lake la kwanza likiwa tayari limetumika Japani, kisha akahamia Marekani. Magari makuukuu anayajua. Macho yake hukimbilia kilomita, sikio lake husikiliza injini, pua yake hutafuta oili inayoungua. Maarifa hayo yatamfaa, ila kwenye motohomu hayatoshi, kwa sababu injini siyo inayotangulia kufa. Nyumba ndiyo hutangulia, na nyumba huanza kufa paani.

Motohomu ni gari lenye injini yake, ambalo ndani mna kitanda, jiko, choo, bafu na mahali pa kukaa. Wamarekani wana jina pana zaidi, RV, linalojumuisha hata matela ya kulala yanayovutwa na gari jingine. Hapa tunazungumzia zile zinazojiendesha zenyewe, tena za zamani: zenye miaka 15, 20, hata 30.

## Mafundi wawili, gari moja

Motohomu nyingi za Marekani ni kazi ya viwanda viwili. Kiwanda cha kwanza, mara nyingi Ford, hutoa chesisi, yaani fremu pamoja na injini, gia boksi, ekseli na breki. Kiwanda cha pili huinunua chesisi hiyo na kujenga nyumba juu yake. Winnebago, kampuni iliyoanza mwaka 1958 katika mji mdogo wa Forest City, jimbo la Iowa, ni miongoni mwa wajenzi hao, na jina lake limezoeleka hivi kwamba Wamarekani wengi huita motohomu yoyote kwa jina hilo.

Hizo sehemu mbili hazizeeki kwa mwendo mmoja. Chesisi ya Ford E-450, kwa mfano, ndiyo hiyohiyo inayobeba ambulansi na mabasi madogo. Imeundwa kwa chuma, kwa kazi ya kila siku, na spea zake zipo kila mji. Nyumba iliyo juu yake ni habari nyingine: vipande vyembamba vya mbao au alumini, plaiwudi ya milimita chache, pini, gundi, na ngozi ya faibaglasi kwa nje. Kisha nyumba hiyo hukimbizwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa juu ya barabara yenye mashimo. Kila safari kwake ni tetemeko dogo la ardhi. Skrubu hulegea, viungo hufunguka, na mahali palipofunguka mvua hupaona kabla ya mwenye gari.

Jambo dogo la kukumbuka hapa ni kwamba mwaka ulioandikwa kwenye hati unaweza kuwa mwaka wa nyumba, huku chesisi ikiwa imetangulia kwa mwaka mmoja. Siku ya kununua pampu ya maji au pedi za breki, taja mwaka wa chesisi. Utaupata kwenye namba ya utambulisho wa gari, ile yenye herufi na tarakimu 17: ya 10 kutoka kushoto ndiyo inayobeba mwaka.

Motohomu hugawanywa katika madaraja matatu, na herufi zake hazifuati ukubwa. Daraja A ndilo kubwa, lenye uso bapa kama basi. Daraja B ni van ndogo iliyogeuzwa ndani kuwa makazi. Daraja C liko katikati: mbele ni kichwa cha van ya kawaida, nyuma ni nyumba, na juu ya kichwa cha dereva pametokeza kitanda.

Kwa mnunuzi wa kwanza mimi huelekeza C. Boneti yake inafunguka kama ya gari lolote, kioo chake cha mbele ni cha van, na fundi wa kawaida hataishangaa. A kuukuu ina nafasi nzuri ya kuishi, lakini injini yake mara nyingi hufikiwa kwa kufunua kifuniko kilicho katikati ya viti vya mbele, na si kila gereji ina mlango wa kuiingiza.

Nashauri pia, kama ni mara yako ya kwanza, uache zenye vyumba vinavyosukumwa nje, yaani kipande cha ukuta kinachotoka kwa mota gari likiwa limesimama ili sebule ipanuke. Vinapendeza. Lakini kila kimoja ni tundu kubwa lililokatwa ukutani na kuzungushiwa mpira, na mpira wa miaka 20 umekwisha kukauka.

## Adui ni maji

Jirani yangu, mzee wa Tanga aliyeendesha malori makubwa ya Marekani kwa miaka mingi, aliniomba nimsindikize kuona motohomu moja nje ya Minneapolis. Daraja C, ya 1999, chesisi ya E-450, injini ya Ford V10 ya lita 6.8. Maili 38,000, kama kilomita 61,000. Tulipofika, salamu zilikuwa hazijaisha akawa amekwisha kufungua boneti. Alivuta kijiti cha oili, akainusa, akawasha, akasikiliza huku amefumba macho.

"Bwana mdogo," akaniambia, "injini hii haijaanza kazi bado."

Alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa nimeazima ngazi kwa mwenye gari.

Paa la motohomu za umri huo mara nyingi ni utando wa mpira mweupe uliobandikwa juu ya plaiwudi. Juu yake pana matundu mengi: la feni ya bafuni, la kiyoyozi, la bomba la kupumulia choo, la antena. Kila tundu limezungushiwa gundi laini ya kuzibia, na gundi hiyo ndiyo inayozeeka kwanza. Jua huikausha, baridi huipasua. Inapaswa kukaguliwa mara mbili kwa mwaka na kuongezwa kila inapoonyesha nyufa. Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja na makopo machache ya gundi. Asiyeifanya ndiye yule tuliyeambiwa tangu utotoni kwamba atajenga ukuta, na hapa ni ukuta kweli, maana maji yakipenya juu hushuka ndani ya ukuta na kuuozesha kutoka ndani, miaka kadhaa kabla ya mtu kuona doa.

Paani pale nilikuta gundi imepasuka kama tope la mto uliokauka. Karibu na kona ya mbele mguu wangu ulizama kidogo, kama mtu anayekanyaga godoro. Niliposhuka niliingia ndani moja kwa moja, nikapanda kwenye kile kitanda cha juu ya dereva, nikainua godoro na kubonyeza ubao kwa kidole gumba. Kidole kiliingia.

Mzee alikuja, akabonyeza mwenyewe. Hakusema kitu kwa muda. Mwenye gari naye alionekana kushtuka kwa dhati, na nadhani hakuwa anajua. Hakuna aliyekuwa amelala pale kwa miaka.

Kitanda hicho kilichotokeza mbele ndicho udhaifu mkuu wa daraja C. Kinapokea upepo na mvua kwa kasi ya barabara kuu, kina viungo vingi, na mara nyingi kina dirisha. Sehemu nyingine za kupeleleza ni hizi:

- Kona zote nne za dari, ndani ya makabati, palipo giza. Tumia tochi na vidole. Mbao nzuri ukiigonga hulia ngo, iliyooza hunyamaza.
- Kuta za nje, ukizitazama kwa ubavu jua likiwa chini. Faibaglasi iliyoachana na plaiwudi yake huvimba na kuleta mawimbi kama bati lililopigwa mvua ya mawe. Kuirekebisha ni ghali, na mara nyingi gharama hupita thamani ya gari.
- Sakafu kuzunguka choo, chini ya sinki na kwenye kizingiti cha mlango.
- Chini ya madirisha, hasa pembe za chini.
- Rangi mpya au karatasi mpya ya ukuta katika sehemu moja tu. Uliza ilikuwa inaficha nini.
- Silikoni ya kawaida iliyopakwa paani. Ni kazi ya mtu aliyekuwa na haraka, na gundi sahihi haitashika tena juu yake mpaka ibanduliwe yote.

Kuna pia kipima unyevu, kifaa kidogo cha kushika mkononi ambacho husoma maji yaliyomo ndani ya ubao bila kuutoboa. Kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa bei isiyofika hata ya tairi moja. Pita nacho kila ukuta kabla ya kuzungumza bei. Na ukiweza kuchagua siku, nenda siku inayofuata mvua kubwa. Harufu ya ukungu utakayoipata mlango unapofunguliwa ni ushahidi kuliko neno lolote la muuzaji. Ukikuta badala yake harufu kali ya manukato, ongeza umakini.

Kwa kifupi: kavu na mbovu hununulika. Injini ina bei yake na fundi wake. Nyumba iliyooza haina fundi wa bei nafuu.

## Maili chache si sifa

Tuliozoea magari ya kawaida tunaona maili chache kama dhahabu. Kwa motohomu ya miaka 25, maili 38,000 zinasema jambo jingine: ilikaa. Na gari linalokaa linaharibika kwa namna yake.

Tairi huzeeka hata likisimama. Ubavuni mwake kuna maandishi yanayoanza na herufi DOT na kuishia kwa tarakimu nne; mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata zake zinaweza kuonekana mpya kabisa, lakini likishapita miaka 7 mimi silihesabu tena kama tairi. Daraja C la kawaida lina matairi 6, manne yakiwa nyuma, mawilimawili. Piga hesabu ya kununua yote 6, kisha ipunguze kwenye bei unayotoa. Usikubali kuambiwa kwamba "bado yana meno." Tairi kuukuu likipasuka barabarani, nyaya zake huchapa kama mjeledi na kuvunja sakafu, mabomba na tangi za maji zilizo juu yake.

Mipira ya breki nayo huvimba kwa ndani bila kuonekana nje, hivyo breki zikashika zisiachie. Petroli iliyolala tangini hugeuka kuwa gundi. Jenereta huathirika mapema kuliko vyote: ina kabureta yenye vitundu vidogo sana, na inatakiwa iwashwe kila mwezi, tena ikibeba mzigo, kwa mfano kiyoyozi. Ina kipima saa chake. Jenereta ya miaka 25 yenye saa 60 tu imeachwa, na kuna uwezekano mkubwa haitawaka.

Kuhusu injini yenyewe, zile V10 za Ford za mwisho wa miaka ya 1990 ni ngumu na zinadumu, ila zina ugonjwa unaojulikana: nyuzi za kushikia plagi kwenye silinda hedi ni chache, na plagi huweza kung'oka na kurushwa nje. Inatibika kwa kuwekewa nyuzi mpya za chuma. Muulize muuzaji kama imewahi kutokea, na aliyeitengeneza alitumia njia gani.

Ukiijaribu barabarani, ipeleke kwenye mlima na kwenye barabara kuu. Dakika 10 za kuzunguka mtaa hazikuambii lolote kuhusu gia boksi inayobeba tani 5 au 6.

## Mwambie muuzaji awashe kila kitu

Usikubali neno "inafanya kazi" mpaka uione ikifanya kazi. Umeme, maji, gesi, choo, vyote. Muuzaji mkweli hatachoka. Asiyetaka kuweka maji tangini ana sababu yake.

Friji inahitaji maelezo ya peke yake, kwa sababu si kama ya nyumbani. Haina kompresa. Hutumia joto, ama la moto mdogo wa gesi ama la umeme, kuchemsha mchanganyiko wenye amonia unaozunguka kwenye mabomba na kuleta baridi. Kwa kuwa mchanganyiko huo hutiririka kwa uzito wake wenyewe, gari lazima lisimame mahali pa sawasawa. Likiegemea sana kwa saa nyingi, mabomba hayo huharibika. Baridi yake huchukua saa nyingi kufika. Kwa hiyo piga simu usiku wa kuamkia siku ya kwenda, umwombe aiwashe. Ukifungua ukasikia harufu kali ya amonia, au ukaona unga wa manjano kwa nyuma, friji hiyo imekufa. Mpya ni ghali kuliko wanavyodhani wengi, na baadhi ya friji za enzi hizo ziliitwa kiwandani kwa hatari ya moto. Ofisi ya serikali ya Marekani ya usalama barabarani, NHTSA, ina tovuti ambapo ukiandika namba ya utambulisho utaona kama chesisi ina wito usiotekelezwa. Kwa friji tafuta kwa jina la mtengenezaji na modeli.

Maji yamegawanywa katika tangi tatu: safi, ya kuogea na kuoshea vyombo, na ya choo. Katika majimbo ya baridi kama Minnesota, mwenye gari anatakiwa kila vuli kuyamwaga yote na kupitisha kwenye mabomba kimiminika cha waridi kisichoganda. Asipofanya hivyo mwaka mmoja tu, mabomba hupasuka ndani ya kuta. Ndiyo maana nasisitiza maji yawekwe na pampu iwashwe. Pampu inajinyamazia ikishajaza shinikizo. Ukisikia inarudi kunguruma kila baada ya dakika chache bila mtu kufungua bomba, kuna mahali panavuja.

Gesi sitaiongelea kwa urefu. Mpe fundi aliyesomea apime mfumo mzima kwa shinikizo, na nunua vigunduzi vipya vya gesi na vya kaboni monoksidi, ile hewa ya moshi isiyo na harufu, siku hiyohiyo unayochukua gari. Vigunduzi vina tarehe ya kuisha nyuma yake, na vya zamani hubaki vikiwaka taa ya kijani huku haviwezi tena kunusa kitu. Mnalala humo na watoto.

## Mizani

Hapa mzee wa Tanga ndiye aliyenifundisha mimi. Dereva wa lori hupimwa maisha yake yote, kwa hiyo yeye huwaza uzito kabla ya kuwaza rangi. Kila motohomu ina kibandiko kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, gari, watu, maji na mizigo vyote pamoja. Zamani wajenzi wengine walipenda kujaza makabati na vioo mpaka nafasi ya mzigo ikabaki ndogo sana.

Chukua mfano wa maji peke yake. Galoni moja ya Kimarekani ni karibu lita 3.8, na ina uzito wa karibu kilo 3.8. Tangi la galoni 40 likijaa ni kilo 150, kabla hujaweka sufuria wala mtoto. Vitanda vinavyolaza watu sita havimaanishi kwamba ekseli inawabeba watu sita.

Vituo vikubwa vya malori vina mizani ya umma, na mtu yeyote anaweza kupima kwa malipo madogo. Omba mwenye gari mpite hapo wakati wa kuijaribu.

## Bei ndiyo mwanzo wa gharama

Ushauri wangu kwa mwenye dola 15,000 ni kwamba anunue ya 10,000. Zinazobaki zitakwenda kwenye matairi, betri, gundi ya paa, mikanda, maji ya breki, na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekiona. Ambaye ametumia hela yote kununua atakuwa na nyumba iliyoegeshwa tu.

Kuna gharama nyingine zisizoandikwa kwenye tangazo. Motohomu ya namna hii hutembea kama maili 8 kwa galoni, yaani karibu lita 30 kwa kilomita 100. Miji mingi hairuhusu kuiegesha mbele ya nyumba, basi utalipia maegesho. Benki nyingi hazikopeshi kwa ya zamani sana. Na kambi nyingi za binafsi hukataa zenye zaidi ya miaka 10. Nyingine huomba picha kwanza, zikaipokea ikiwa inaonekana nadhifu. Kambi za hifadhi za taifa na za majimbo hazina kanuni hiyo ya umri, na kwa kweli ndizo zenye miti na maziwa.

Upande wa hati, jina lililo kwenye hati liwe la mtu aliye mbele yako, pasiwe na deni la benki, na pasiwe na alama ya kwamba bima iliwahi kulifuta gari. Magari yaliyozama kwenye mafuriko ya kimbunga husafishwa na kusafirishwa majimbo ya mbali kuuzwa. Tope kwenye maungio ya nyaya chini ya dashibodi halisafishiki.

Ukiona huna uzoefu wa kutosha, ajiri mkaguzi. Chama chao, NRVIA, kina orodha ya wakaguzi waliofunzwa. Malipo ni dola mia kadhaa. Nayaona makubwa kila ninapoyataja, halafu nakumbuka kile kidole gumba.

Mzee hakununua ile ya maili 38,000. Alipata nyingine baada ya miezi mitatu, ya 2001, maili 91,000, zulia limefifia, bampa la nyuma limebonyea. Mwenye gari alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuwa na daftari: kila mwezi wa Mei na wa Oktoba ameandika kwamba amepanda paani, amepaka wapi. Mzee alilisoma daftari lile kabla hajagusa boneti. Walipatana, akabadilisha matairi 6, akaweka betri mbili mpya.

Safari ya kwanza alikwenda na mkewe mpaka ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Superior. Usiku wa pili ilinyesha mvua kubwa. Aliniambia aliamka saa nane, akachukua tochi, akapanda kwenye kitanda cha juu na kupapasa kona moja baada ya nyingine. Mkewe akamuuliza kuna nini. Akamjibu, "Pakavu, mama," akarudi kulala.